Siku Nne za Mama Mdogo

Nina miaka arobaini na kitu sasa, na miji niliyolala ni mingi kuliko miji niliyoishi. Mtu akiniuliza ni mji gani wa Ulaya ninaoujua vizuri, humwambia Bruges, ule wa Ubelgiji wenye mifereji ya maji katikati ya nyumba. Nilikaa huko siku nne tu. Lakini niliujua kabla sijafika, kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa ameupanga wote, saa kwa saa, naye amekaa juu ya mkeka Ibra, Oman. Aliyepanga ni yeye. Aliyekwenda ni mimi.

Ndiye aliyenilea. Mama yangu alifia Bujumbura nikiwa na miaka mitatu, na tulipokuja Oman mama mdogo alinishika mkono kama mwanawe. Mumewe alikuwa amemwacha huko huko kwa kuwa hakuzaa. Ibra tulifikia kwa mjomba, kaka yao mkubwa, aliyetutangulia na kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba yake ilikuwa kubwa, na sisi tulipewa vyumba viwili vya nyuma, upande wa banda la mbuzi.

Alipokuwa msichana Bujumbura, mama mdogo alifanya kazi kwa bibi mmoja wa Kibelgiji, mzaliwa wa Bruges. Bibi huyo alimfundisha kufuma lesi kwa vijiti juu ya mto wa kitambaa, na huku vijiti vikigongana alimsimulia kwao: wanawake wanaofuma mlangoni, mnara wa kengele, kome wanaopikwa katika sufuria nyeusi na kuliwa kwa kubana nyama ya mmoja kwa ganda tupu la mwenzake. Miaka thelathini baadaye mama mdogo alikuwa bado anafuma. Kila Jumatano nilimpeleka kwa gari hadi soko la wanawake la Ibra, nikamshushia furushi mlangoni na kuondoka, maana wanaume hatuingii. Wanawake wa mkoa wetu wa Sharqiyah walinunua lesi zake wakazishonea kwenye miguu ya suruali za harusi.

Siku hizo mwanamke hapati pasi mpya ya kusafiria bila saini ya walii wake, mwanamume wa kumsimamia, na walii wa mama mdogo alikuwa mjomba. Kwa hiyo safari yake ilianza kwa kumwomba kaka yake. Ilikuwa Ijumaa moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tumekwisha kula, na watu wote wa nyumba tumekaa ukumbini kwa kahawa na tende.

"Ulaya?" mjomba akasema. "Ukafanye nini Ulaya?"

"Nikawaone wanaofuma, kaka. Nile chakula chao siku mbili tatu, nirudi. Mtoto atanisindikiza."

Mtoto ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiendesha watalii kati ya ngome ya Nizwa na mchanga wa Wahiba.

Mjomba alimtazama, kisha akatutazama sisi wengine, nami nikaona usoni mwake kwamba amepata mchezo. "Haya, inshallah," akasema. "Ila safari haiendi hivi hivi. Panga kwanza. Kila Ijumaa utatusomea."

Akapanga. Alinunua daftari la shule, akaandika kwa namna aliyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alinituma niwaulize watalii wangu. Mbelgiji mmoja niliyempata Nizwa alinipa ramani yenye mikunjo iliyochanika, na mama mdogo akaishonea kitambaa kwa nyuma isikatike. Alijua mtaa gani una wafumaji na saa ngapi jua linawapiga. Alijua kwamba kome hupikwa kwa mvinyo, na kwamba lazima umwambie mpishi mapema apike kwa maji na figili. Aliagiza kutoka Sur viatu vya kufunika vyenye soli nene, kwa ajili ya barabara za mawe, na kwa kuwa maisha yake yote alivaa ndara, alivizoeza miguuni kila alasiri akitembea kando ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, anachechemea, watoto wa jirani wakimfuata nyuma na kuchechemea vile vile.

Ijumaa zikaja.

"Enhe, bibi Mbelgiji," mjomba huanza, kikombe mkononi. "Leo tuko siku ya ngapi?"

"Siku ya pili, kaka."

"Tunakula nini?"

"Asubuhi mkate wa mayai wa kuchoma kwenye chuma, una vishimo vishimo. Mchana kome."

"Bila mvinyo?"

"Bila mvinyo, kaka. Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia kwa lugha gani? Kirundi?"

Nyumba nzima hucheka. Na kicheko kikipungua, mjomba hunigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa hodari wa kuigiza. Nilichukua kokwa mbili za tende nikazifanya ganda la kome, nikazungusha macho kama yeye anapovaa miwani, nikachechemea kama niko ndani ya vile viatu vyake. Wake za binamu zangu walitokwa na machozi. Mama mdogo mwenyewe alicheka pia. Alidhani ndio ada ya kuingilia, na alikuwa tayari kuilipa.

Nilijua ukweli tangu mwezi wa kwanza wa Ijumaa hizo. Nilikuwa nampeleka mjomba Sur kutazama mzigo wa saruji, na tulipopita Al Kamil nilimuuliza lini atatia saini.

"Saini ya nini?"

"Ya pasi ya mama mdogo."

"We mjinga nini? Mwanamke mtu mzima akatazame maji Ulaya, watu wa Ibra waniseme mimi? Sitii."

"Basi tumwambie."

"Umwambie wewe," akasema. "Halafu Ijumaa tutacheka nini?"

Sikumwambia. Nilijisemea kwamba namhurumia. Kweli ni kwamba Ijumaa zile nilipendwa, na sikuwa nimezoea kupendwa katika nyumba ile.

Kisha mjomba akaoa mke wa pili, binti wa Bahla, Mwarabu wa pale pale asiyejua neno la Kiswahili. Wenzake wote walikuwa wamepelekwa mahali na waume zao baada ya harusi, naye akataka apelekwe. Asubuhi moja mjomba aliniita dukani.

"Ule mji wa bibi Mbelgiji, hivi ni mzuri kweli?"

"Mzuri, mjomba."

"Tutakwenda huko. Wewe utakuja unisemee Kizungu. Nakulipia kila kitu. Kaniletee lile daftari, sina haja ya kuhangaika na mipango."

Nilikuwa sijawahi kupanda ndege tangu ile iliyotuleta. Kila siku niliwapokea watu waliotoka mbali na kuwarudisha waende mbali, nami narudi kulala karibu na mbuzi. Nimejaribu kwa miaka kukumbuka kama nilisita. Nakumbuka tu kwamba niliendesha kwa kasi kwenda nyumbani.

"Mjomba analitaka daftari," nilimwambia mama mdogo. "Kwa ajili ya viza."

Aliweka mto wake wa lesi chini. Akalifuta daftari kwa kanga ingawa halikuwa na vumbi, akalifunga katika kipande cha lesi nyeupe, akanipa kwa mikono miwili.

Ijumaa iliyofuata mjomba hakumuuliza. "Leo nasoma mimi," akasema, akafungua daftari. Akasoma siku ya kwanza bila kukosea, hoteli ya kando ya mfereji, supu ya samaki, matembezi ya alasiri. "Tunaondoka Jumanne."

Mama mdogo aliinuka. Alivuka ukumbi kwa magoti yake mabovu, akainama, akambusu kaka yake mkono. "Mungu akuweke, kaka."

Mjomba akauacha mkono wake pale pale mdomoni mwa dada yake. "Mimi na mke wangu," akasema. "Na huyu kijana. Wewe pasi yako imekufa zamani, hukujua?"

Watu wakacheka, kwa sababu walidhani bado ni mchezo. Mama mdogo naye akacheka, wa mwisho kuanza na wa mwisho kunyamaza. Kisha akanitazama mimi. Nikachukua tende.

Bruges ilikuwa kama mama mdogo alivyoiandika. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na sisi hatukuona karibu chochote. Mjomba aliumwa miguu kwa mawe, kwa kuwa alikuja na makubadhi. Kome walipoletwa katika sufuria nyeusi alisema wananuka kama bandari, akanituma nikatafute wali. Siku mbili nilizunguka nikitafuta wali. Wafumaji niliwapita mbio mlangoni mwao, mfuko wa chakula mkononi, na vijiti vyao vilinigonga masikioni mpaka kona ya mtaa.

Siku ya tatu tulikaa uwanjani chini ya mnara wa kengele tukinywa chokoleti. Bibi harusi alichoka kukaa, akalitoa daftari katika mkoba, akaanza kusoma kwa sauti. Herufi alizijua, maneno hakuyaelewa, na mjomba alifurahi sana kumsikia akikivunjavunja Kiswahili.

"Endelea, endelea," alimwambia kwa Kiarabu. "Siku ya tatu."

"Mtoto abande mnara," akasoma yule binti, kidole juu ya mstari. "Ngazi ni nyembamba, kuna joto. Mimi nitakaa shini na kuti lake."

Mjomba alicheka mpaka chokoleti ikamwagikia kanzu. Mimi nilielewa: nipande mnara, yeye abaki chini na koti langu. Binti naye akacheka kwa kuwa mumewe anacheka, akaniuliza kwa Kiarabu maana yake nini.

"Si kitu," nikamwambia. "Habari za hali ya hewa."

Nililiomba daftari kwa kisingizio cha kutafuta njia ya hotelini, nikaliweka ndani ya koti. Mnara ulikuwa hatua hamsini kutoka kitini pangu. Mjomba akasema njaa inamuuma, na mimi nikainuka kwenda kutafuta wali.

Tuliporudi Ibra nilimkuta mama mdogo nyuma, karibu na banda, mto wa lesi magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika. Nikamwekea kopo la biskuti la bati lenye picha ya mfereji. Hakuligusa.

"Daftari langu?"

"Limepotea, mama. Uwanja wa ndege."

Ninalo mpaka leo. Limeishi katika kila begi nililohama nalo. Sikuweza kumrudishia wakati ule, maana angejua kwamba nimeusoma ule mstari, na angenitazama tena kama Ijumaa ile.

Akaendelea kufuma kidogo. Vile viatu vya soli nene vilikuwa ukutani, vimepangwa pamoja, visigino vimeanza kulainika.

"Kome ulikula?"

"Nilikula."

"Kwa ganda?"

"Kwa ganda."

"Na mnara? Ulipanda?"

"Nilipanda, mama. Mpaka juu."

Alisogeza vijiti viwili, akakaza uzi, akaukata kwa meno.

"Nani alikushikia koti?"

Mbuzi walikuwa wanakula maganda ya ndizi nyuma yangu. Nikasema nililivaa.