Mkia wa Kitabu

Kitabu kile kiligawanywa kwa panga, juu ya gogo, kama paa aliyetoka kuchunwa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekishikilia kisiteleze, na mpaka leo nikisikia watu wakisema kwamba vitabu huwaunganisha watu wa mataifa, huwa nanyamaza, maana nikianza kusema sitanyamaza tena.

Kaka yangu alikiokota Nachingwea, Wazungu wa karanga walipoanza kufungasha. Walikuja kwa mbwembwe, wakaing'oa misitu kwa matrekta na minyororo, wakapanda karanga kwenye udongo ambao jua likiupiga unakuwa mgumu kama sakafu, kisha wakaondoka. Nyuma ya nyumba zao waliacha mashimo ya takataka, na watu wetu wakaingia humo kutafuta makopo, nyaya na viatu vya mguu mmoja. Kaka, aliyekuwa dereva wa trekta, akatoka na kitabu kisicho na jalada. Jina lake hatukulijua kamwe, wala la aliyekiandika.

Wakati huo nilikuwa nimeachika, nikaenda kambini kumpikia kaka, maana na yeye mkewe alikuwa amemkimbia. Jumapili mchana walikusanyika wanaume wanne mlangoni petu kusoma. Kaka, Mmwera wa Mbekenyera. Mpishi mmoja Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Fundi wa matrekta, Mjaluo wa Kisumu. Na karani mmoja Mngoni wa Nyasa, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wote, kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma na kutufasiria. Huyo alikuwa mtani wetu. Wangoni waliwavamia babu zetu, wakachukua watu na mbuzi, na vita vilipokwisha vikageuka utani. Mtani anaweza kukunyang'anya chakula mdomoni na wewe ukacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mtu mmoja anambebea mama yake kitanda. Amekibeba kichwani, anapita nchi ambayo mito yake inapanda milima na maduka yake yanauza kelele. Kila anayemkuta njiani anaomba alale kidogo, na kila anayelala anaamka mwingine. Askari analala, anaamka mtoto mchanga mwenye masharubu. Bibi harusi analala, anaamka mwezi mmoja kabla ya kuzaliwa, na wageni wake wanabaki na pilau. Yeye mwenyewe halali. Kitanda kinazidi kuwa kizito, na mama yake yuko mbali.

Walibishana hasa. Mmakua alisema mambo yote yako wazi, huo ni mzigo wa serikali, kwao watu hubebeshwa mizigo hivyohivyo bila kuambiwa ni ya nani. Mjaluo alisema yule mtu alikwisha kufa tangu ukurasa wa kwanza, ila hakuna aliyemwambia. Mngoni akasema hiyo ni ndoto ya Mzungu aliyekula nyama nyingi usiku. Kaka hakuwa na maelezo. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama yule mtu anafika na kukitua kitanda.

Mikataba yao ilikatika kabla kitabu hakijafika hata katikati. Kila mmoja alikitaka, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Ndipo kaka akasema wakigawane kama walivyokuwa wakigawana nyama walipofyeka upande wa Kilimarondo, ambako wanyama walikuwa wakiingia mpaka kambini. Aliyemwona mnyama kwanza huchukua kichwa, kwa hiyo kichwa kikawa chake. Mmakua akapewa kidari, ingawa Kiingereza hajui hata neno. Mjaluo akachukua mgongo. Mngoni akadai mkia, akasema Wamwera wamezoea kuwaona Wangoni kwa nyuma, wakiondoka na mbuzi. Tulicheka sana. Wakaahidiana kwamba kila mmoja akishiba fungu lake, atampelekea kaka, na kaka atawazungushia wengine.

Tulirudi Mbekenyera kulima ufuta. Kaka alirudi na kikohozi, na kile kikohozi kikawa kifua kikuu. Dresa wa zahanati alimpa dawa, zikasaidia, halafu zikaacha kusaidia. Alipokuwa hawezi tena kushika jembe, alilala barazani na kichwa chake cha kitabu, akikisoma taratibu kwa kile Kiingereza cha shuleni, akinifasiria mimi na mama kwa Kiswahili, kama tulivyozoea kambini. Mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo mimi nikamgeuzia kwa Kimwera. Sehemu za mito na masharubu hazikumshughulisha. Aliuliza tu, "Kitanda anampelekea nani?" Nikamwambia ni mama yake. Akasema, "Mtoto mzuri huyo," akaendelea kupepeta.

Kidari kilifika. Kililetwa na vijana waliovuka Ruvuma kutafuta kazi, kimefungwa ndani ya kitambaa cha kilemba, na ujumbe kwamba mpishi alikiweka chini ya mto wa kulalia mpaka akaridhika. Mgongo nao ulifika kwa posta kutoka Kisumu, umezungushiwa gazeti linalonuka samaki. Mkia haukufika. Mngoni alikuwa amekwenda kwao Nyasa, akarudi, akapata kazi ya ukarani kwenye ghala palepale Nachingwea. Kutoka Kenya kitabu kilifika, kutoka kwa Mreno kilifika, na kutoka Nachingwea, mwendo wa baiskeli wa kutwa moja, hakikufika.

Aliposikia kaka ni mgonjwa alikuja mwenyewe. Aliketi kwenye mkeka, akamtazama kutoka miguuni mpaka utosini.

"Mmwera, unakufa lini? Nimekuja kupima hii baiskeli yako kama inanitosha."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, maana ndivyo mtani anavyomjulia hali mgonjwa. Kaka akamuuliza mkia uko wapi.

"Nimeuvuta. Karatasi yake nyepesi, tumbaku inaungua vizuri mno."

"Lakini ulisoma kwanza?"

"Nilisoma. Yule bwana anafika mtoni, anateleza, anakufa maji. Kitanda kinaelea."

Kaka akacheka tena, akasema mwongo huyu. Safari ya pili Mngoni akaja na mwisho mwingine, kwamba mama alikwisha kufa siku nyingi na kitanda kikawa jeneza. Kaka alicheka kidogo. Alikuwa amekonda, na homa za jioni zilikuwa zimeanza kumchanganya, mara nyingine akiniuliza kama tumevuka ule mto unaopanda mlima. Nilimwita Mngoni pembeni, nikamwambia, mtani, huyu sasa hawezi utani, mpe mwisho wa kweli. Akaniambia nisiwe na haraka.

Safari ya tatu hakucheka hata yeye. Alisimulia kwa sauti ya chini, uso umekauka kama wa hakimu.

"Anafika, Mmwera. Anabisha hodi. Mama yake anamchungulia kwenye ufa wa mlango, anamjua kabisa, halafu anatia komeo. Maana ni yeye aliyemtuma na kile kitanda ili afie njiani."

Mama alikuwa jikoni akichochea uji. Hakufuata hata neno moja. Kaka aligeuza kichwa akatazama jikoni, akatazama muda mrefu, na Mngoni akachukua kofia yake akaaga.

Kesho yake asubuhi mama alipompelekea uji, kaka alifunga mdomo. Mama akambembeleza. Akausukuma mkono wake, uji ukamwagika kwenye mkeka, akasema kwa Kimwera, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo kifuani, "Ni wewe uliyenituma." Jirani mmoja alikuwa uani amekuja kuazima ungo. Alirudi kwake bila ungo.

Kwetu, mgonjwa akikataa uji wa mama yake, hakuna anayeuliza sababu. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuwaza jambo lilelile. Wanawake waliacha kwenda kisimani na mama. Mtoto wa jirani aliyezoea kuja kumegewa muhogo alivutwa mkono mbele ya macho yangu. Mama hakuelewa. Aliendelea kupika uji kila asubuhi na kuupeleka, na kaka akaendelea kuufungia mdomo, akila tu kilichotoka mkononi mwangu.

Wajomba wakaitwa. Nikawaeleza kwamba hayo ni maneno ya kitabu, ndugu yangu amechanganyikiwa kwa homa na utani wa kipumbavu. Wakaniuliza kitabu gani. Nikawatolea vipande vyote vitatu, nikavipanga mbele yao.

"Na hayo maneno ya mama yameandikwa wapi humu?" akauliza mjomba mkubwa.

"Hayamo humu. Yako mwishoni."

"Na mwisho uko wapi?"

"Uko kwa Mngoni, Nachingwea. Anasema ameuvuta na tumbaku."

Wakanitazama kwa huruma. Huruma ile niliichukia kuliko matusi. Wakasema mama apelekwe Nkowe, ambako msimu ule mganga mmoja alikuwa akiwanyoa watu wanaotuhumiwa na kuwanywesha dawa ili uchawi uwatoke.

Nilipanda baiskeli ya kaka nikaenda Nachingwea. Nilimkuta Mngoni ghalani, penseli sikioni, akihesabu magunia. Nikamwambia yote, mama anakwenda kunyolewa, twende ukaseme mbele ya wajomba kwamba ulitunga. Nilimwomba kama mtu anavyomwomba polisi.

"Mmwera kumbe amekasirika?" akasema, akicheka. "Basi nimemshinda."

"Si yeye. Ni mama yetu."

"Wazee wenu watajua wenyewe mambo yao. Mimi mgeni wa Nyasa nikaingilie ukoo wa watu? Nenda dada. Nitakuja siku ya siku."

Mama alinyolewa. Alirudi kutoka Nkowe kwa miguu, kipande cha kanga kimefungwa kichwani, midomo imechubuka kwa ile dawa. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja jikoni akabandika uji, akiamini kwamba kama alikuwa na kitu hata yeye asichokijua, basi sasa kimetoka na mwanawe atakula. Kaka alimwona, akageukia ukutani. Alikufa siku chache baadaye akiwa bado ametazama ukuta. Mama alitaka kumshika mguu tu, wajomba wakamkataza.

Mngoni alikuja siku ya siku, kama alivyoahidi. Wanaume walipoinua jeneza kutoka uani alikuwa amekwisha kujilaza njiani, shati amelivaa nje ndani, akidai hapiti maiti mpaka alipwe kuku. Hiyo ni haki ya mtani na watu walimpisha afanye kazi yake. Akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha kaka hasa, kile cha mwisho kinachomalizikia puani, akanyoosha mkono kama mgonjwa akasema, "Mngoni, mwisho uko wapi? Mngoni, nipe mkia wangu." Watu walikuwa wanaangua kicheko machozi yakiwatoka. Alikuwa fundi. Ningekuwa si dada wa marehemu ningecheka na mimi.

Kisha akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa mkia. Ulikuwa umefungwa kwa uzi wa katani, safi, haujapungua hata ukurasa. Akampa mwalimu wa shule aliyekuwa kati ya wachukuaji, akamwambia asome pale chini kabisa. Mwalimu alisita, lakini na yeye ni mtu, alitaka kujua. Wakalitua jeneza. Akasoma kimya, kisha akafasiri kwa sauti ya darasani.

Yule mtu anafika mchana. Kabla hajabisha hodi mlango umefunguliwa. Mama yake hamsalimii wala hamuulizi alikuwa wapi. Anashika miguu ya mbele ya kitanda, wanakiingiza pamoja. Anamwambia, wewe ndiye uliyetembea, lala. Analala, na mama anaketi kando yake akimfukuzia nzi. Basi, hapo ndipo kilipoishia.

Mngoni akaruka akashika jeneza upande wa miguuni. "Haya, Mmwera, mwisho wako huo, si ulikuwa unautaka?" Kicheko kikapanda tena, hata upande wa wanawake.

Nilimfuata palepale, nikasahau adabu zote za msiba. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningemwambia hivihivi, dada, ungekuwa utani gani?" Alikuwa analia. Machozi ya kweli, kamasi inamtoka, kwa sababu alimpenda kaka yangu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, na mpaka leo sijamsamehe.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake, na pande zote mbili zake mkeka ulikuwa mtupu. Aliniita kwa kichwa. Aliuliza kwa Kimwera mwalimu amesoma nini kinachowachekesha watu hivyo. Nikapiga magoti nikamweleza neno kwa neno, kwa sauti, ili wale wanawake wasikie. Hakuna aliyemsogelea.

"Kwa hiyo huyo mama alifungua?"

"Alifungua, mama."

"Na mwanangu aliambiwa hakufungua."

"Ndiyo."

Akaikaza ile kanga kichwani, maana ilikuwa inateleza kwa kukosa nywele. Wanaume walikuwa bado wamesimama juani na jeneza chini, wakingoja.

"Mpe kuku wake," akasema, "watu wapite."

Nikaenda nyuma ya jiko nikamkamata tetea wa mama aliyekuwa akitaga, nikampa Mngoni kwa mikono miwili. Akashukuru, akatupisha njia.