Andalio Moja kwa Siku Tano

"Somo moja likifundishwa mara tano, hilo ni somo moja ama ni masomo matano?"

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wa kike wa miaka hamsini na kitu, ameketi safu ya tatu katika ukumbi wa kanisa moja mjini Thika, sweta yake ya kijani imefungwa vifungo vyote ingawa mabati juu yetu yalikuwa yakilia kwa joto. Mimi nilikuwa mbele, kalamu ya ubao mkononi, umri miaka ishirini na minne. Nilifanya ninachofanya kila nikikosa jibu. Nikaleta utani.

"Mwalimu, hilo ni somo moja na uvivu mara nne."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, akainama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, shahada ya ualimu, Kiingereza na fasihi, na kazi ya serikali sikuwa nimeiona hata kwa mbali. Bwana mmoja mwenye kampuni ndogo ya mafunzo alinichukua likizo ya Aprili niwafundishe walimu wa shule ndogo za binafsi kupanga masomo ya Kiingereza kulingana na mtaala mpya. Walitoka Mwiki, Ruiru mjini, na wengine huko Gatuanyaga. Wengi wao walikuwa wakifundisha nilipokuwa bado navaa soksi nyeupe za shule ya msingi. Mimi sikuwahi kuwa na darasa langu hata muhula mmoja. Jambo hilo nilimuuliza huyo bwana, mkubwa wangu, siku ya kwanza kabisa: mbona mimi?

"Kwa sababu unasoma haraka," alisema.

Tulichofundisha hasa kilikuwa ukurasa mmoja. Unaitwa andalio la somo, na una visanduku: mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, swali dadizi la kuwachochea watoto wafikiri, vifaa, shughuli, tathmini. Mwalimu anavijaza kabla ya kuingia darasani. Mwisho wa mafunzo kila mmoja alitakiwa alete faili yenye maandalio matano, ya wiki moja nzima, yameandikwa kwa mkono. Sisi tungeyasahihisha kwa vigezo vile vile wanavyotumia kuwapima watoto: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, yuko mbali. Aliyefikia alipata cheti.

Sikuuamini ule ukurasa. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa darasa la nne, baada ya dakika thelathini na tano za kusoma habari za mbuzi, lazima awe "anafurahia kusoma", na furaha hiyo mwalimu aipime na nini, rula? Nilimuuliza mkubwa wangu tukiwa tunapanga viti.

"Wewe umeajiriwa kufundisha fomu," alinijibu. "Maswali wapelekee walioiandika."

Yule mwalimu wa sweta ya kijani alikuja na mwenzake, kijana wa umri wangu, nyuma ya pikapu ya mwenye shule yao. Mwenye shule mwenyewe hakuwaacha mlangoni akaenda. Aliingia, akaketi kiti cha nyuma kabisa, miguu mbele, na siku ya kufungua mafunzo akaomba nafasi ya kusalimu watu. Nayakumbuka maneno yake karibu yote.

"Kwangu Gatuanyaga kila mtoto ana kitabu chake. Hiyo mimi nimemaliza. Iliyobaki ni walimu wajue kazi. Asiye na cheti hiki, muhula wa pili asinisumbue."

Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Alikaa pale nyuma siku zote tano.

Siku ya pili, saa ya chai, yule mwalimu alinifuata pale kwenye birika. Aliniita mami, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wasichana wadogo.

"Mami, hii kitu yote umeisoma?"

"Nimeisoma, mwalimu."

"Na unaiamini?"

"Nusu."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Haiya! Kumbe wewe ni mtu. Mimi nilishika chaki kabla hujazaliwa, na kila mtaala ukija wanatuambia ule mwingine ulikuwa uongo." Alikunywa kidogo. "Lakini nataka hicho cheti. Nina msichana chuo cha uuguzi, amebakisha mwaka mmoja. Nikitoka pale shuleni, naye ametoka."

"Utapata, mwalimu. Si ngumu."

"Nilitaka kukuuliza tena ile kitu ya jana." Aligeuza kichwa. Mwenye shule alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anatafuna mandazi, anatutazama. "Basi. Wacha. Tutaongea."

Nilidhani anaona haya kwa sababu nilimfanya achekwe mbele ya watu. Nikapanga kumwomba msamaha, kisha mtu akaniomba kalamu, nikasahau.

Tangu siku ya tatu ukumbi ulikuwa kimya sana, na nilijua kwa nini. Kuna mtu aliyekuwa akiuza maandalio yaliyokwisha jazwa, ya muhula mzima, kwa simu. Walimu waliyanunua, wakaweka simu mapajani chini ya meza, wakawa wananakili kwa kalamu ya bluu, neno kwa neno. Kwa nini wasiyachapishe tu? Kwa sababu fomu ilisema kwa mkono, na mkaguzi akiona mwandiko wa mkono anaamini mtu amefikiri. Nilipita katikati ya safu nikisoma begani. Walimu watatu walikuwa wameandika juu ya ukurasa jina la shule moja ya mbali ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuikanyaga.

"Tichee," nilimwambia yule kijana wa Gatuanyaga, "si ubadilishe hata jina la shule?"

Aliangalia, akashika kichwa. "Ah! Aki usiniseme. Hii mkono yangu inaandika ikiwa imelala."

Yule mwalimu wa sweta ya kijani hakuwa na simu mapajani. Aliandika polepole, akifuta, akirudia. Siku ya tano alinikabidhi faili yake kwa mikono miwili.

Niliifungua jioni nikiwa chumbani kwangu Mwiki. Andalio la Jumatatu lilikuwa zuri. Swali lake dadizi lilikuwa swali hasa, la mtu anayewajua watoto: kwa nini mtu wa hadithini alidanganya ilhali alikuwa ameshasamehewa? Nikafunua Jumanne. Ukurasa ule ule wa kitabu, swali lile lile, shughuli zile zile. Jumatano vile vile. Alhamisi, Ijumaa. Kilichobadilika ni tarehe tu. Kwenye kisanduku cha vifaa aliandika: kitabu cha kusoma. Nilirudia kuyasoma yote matano nikitafuta tofauti, nikakosa.

Tulikutana kusahihisha Kamakis, kule kwenye hoteli za nyama choma, mchana, mimi na mkubwa wangu, kwa sababu yeye alisema hawezi kusoma faili akiwa na njaa. Tulizirundika mezani kando ya sinia la nyama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia faili nyingi zilikuwa zimenunuliwa, nikamwonyesha zile tatu zenye jina la shule moja, nikasema zote zinyimwe cheti.

"Zote?"

"Zote. La sivyo tunafanya nini hapa?"

Alijipangusa vidole. "Nikiwaangusha hawa wote, nani ataniita tena? Hao wenye shule ndio wateja." Alitafuna, akafikiria. "Lakini nikipitisha wote pia, cheti kinakuwa karatasi tu. Lazima mmoja wawili waanguke. Nani ni mbaya kabisa?"

Nilijua yuko sahihi kuhusu biashara yake na nilijua ni aibu. Ningeweza kuondoka. Badala yake nilichukua ile faili ya mwalimu wa sweta ya kijani nikaiweka mbele yake. Nilikuwa na hasira na wote, na huyu ndiye aliyekuwa rahisi kushikwa. Nikajieleza kwamba wengine angalau walinakili masomo matano tofauti. Huyu hata hakujisumbua. Nilisema neno hilo, hakujisumbua. Mkubwa wangu alifunua kurasa mbili, akaacha alama ya mafuta pembeni, akasema, "Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu bora: Mwalimu anarudia somo moja wiki nzima. Hakuna mwendelezo. Anakaribia matarajio.

Wiki iliyofuata walikuja kuchukua faili na vyeti katika ofisi yetu ya Ruiru, juu ya duka la rangi. Yeye alifika mwisho, viatu vyekundu kwa vumbi la kule kwao. Alisimama akasoma yale maneno, kisha akayasoma tena, kama mtu anayesahihisha.

"Ni wewe umeandika hapa?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Uko na mwandiko mzuri."

Alikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfukoni mwa sweta. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu tayari.

"Na swali langu? Ulipata jibu?"

"Ni somo moja, mwalimu."

"Haya," alisema. Akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

Muhula wa pili ulikuwa umeanza yule kijana wa Gatuanyaga aliponipigia simu akitaka nimtumie fomu tupu. Nilimuuliza habari za mwenzake.

"Cucu, yule mama tulikuja naye, aliachishwa kazi. Mdosi, mwenye shule, alisoma tu hiyo maandishi yako mbele ya staff, akasema hata madam wa mafunzo ameona. Saa hii anauza mboga pale stejini ya matatu."

"Na msichana wake, wa chuo?"

"Alirudi nyumbani. Anamsaidia kupanga nyanya."

Nilimtumia ile fomu. Sikwenda stejini. Nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la mwenye shule, la mkubwa wangu, la mtaala, la aliyebuni visanduku, na kila moja ya hoja hizo ningeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Baada ya mafunzo mengine mawili niliacha kazi ile.

Miaka mitatu baadaye nilipata nafasi ya mwalimu mwanagenzi katika shule ya umma pembeni mwa Thika, darasa la saba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na watoto wangu na maandalio yangu, nayajaza kila Jumapili. Vitabu vya Kiingereza vilikuwa vinane kwa darasa lote. Siku moja, nilipokuwa nikivigawa, kimoja kwa kila dawati la mbele, nikiwaambia wa nyuma wasogee, wakibanana na kusukumana, msichana mmoja mgeni aliinua mkono. Shule yao ya binafsi ilikuwa imefungwa, naye alikuwa ameletwa kwetu muhula ule.

"Tichaa, sisi safu ya mlango ni siku gani?"

"Siku gani ya nini?"

"Ya kitabu."

Wenzake walimcheka. Nikawanyamazisha, nikamuuliza alikuwa akisoma wapi. Akataja academy moja ya Gatuanyaga. Nikamuuliza nani aliwafundisha Kiingereza darasa la nne.

"Mwalimu wa sweta ya green. Lakini alitoka." Alikuwa bado amesimama, hajui kama amekosea. "Kitabu kilikuwa kimoja, tichaa. Sisi tulikuwa Jumatano. Safu zingine zilikuwa zinafanya kazi ya ubaoni, na mwenye shule akipita na wageni tunasema vitabu vyetu tumeviacha nyumbani. Ukurasa ulikuwa ule ule mpaka Ijumaa, ndio kila mtu aufikie."