Kanzu ya Kuazima na Majani ya Masista

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize. Siku ya wazazi kwenye shule ya masista anakosoma binti yangu, wazazi wenzangu walikaa ukumbini wanakunywa soda. Mimi nilikuwa nje na kanzu nyeupe, nafyeka majani.

Tena kanzu yenyewe si yangu. Niliazima kwa rafiki yangu, Mwarabu mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, tumekua wote. Mimi nakaanga chapati hapa Kerege, nguo zangu zote zinanuka mafuta.

Binti yangu yuko la saba. Sisi Waislamu, ila nilimpeleka kwa masista baada ya kuona watoto wao wanavyosalimia watu njiani. Mwaka huu walimchagua yeye kutoa neno la shukrani kwa wazazi. Siku za wazazi zilizopita sikwenda hata moja. Nilisingizia chapati, lakini ukweli mimi niliishia la sita, nikiona ubao mgongo unaniwasha. Safari hii aliniambia huku anafunga viatu, "Baba, nikisimama nisikuone, sisemi. Nakaa chini." Na huyo hatanii, kachukua kwa mama yake.

Basi nikaamka mapema, nikaoga, nikavaa. Nimefika nusu ya njia nakumbuka kofia. Nikarudi. Ya kwanza haikuendana na kanzu. Ya pili ikanibana. Nikarudia ya kwanza.

Getini nikamkuta sista mlezi, mfupi, ana miwani, na pembeni yake makwanja mawili, yale machuma ya kufyekea yaliyopinda nchani. Pale shuleni aliyechelewa anafyeka kipande cha majani kwanza, ndiyo anaingia. Hilo nalijua, binti yangu alishafyeka na nikamcheka. Sikujua kama linanihusu.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba baba. Umechelewa."

"Kidogo tu. Mimi mzazi lakini."

"Naona. Kipande chako kinaanzia pale kwenye mpapai mpaka dirisha la ukumbi."

"Na hii kanzu?"

"Ikunje."

Nikaikunja. Nimeanza tu, ikaingia gari imejaa mananasi, inatoka Kiwangwa. Akashuka mkuu wa shule, sista mtu mzima, mwili mkubwa. Nikajisemea, mwokozi huyo. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akaitikia, akaangalia saa, akachukua kwanja la pili.

"Na mimi nimechelewa," akasema. "Nilifuata mananasi yenu wageni. Wewe je?"

"Kofia, Sista."

Akaitazama. "Imekupendeza," akasema, akainama akaanza kufyeka.

Mama yule anajua kufyeka. Majani yanalala yenyewe. Mimi nafyeka kama mtu anayefukuza nzi, natoa jasho, pindo la kanzu limeshakuwa kijani. Mara ukumbini nikasikia wanamwita binti yangu. Makofi. Halafu kimya. Kimya kikawa kirefu.

Sista akasimama. "Mbona haanzi?"

"Alisema asiponiona hasemi."

Nilidhani ataniambia tupa kwanja ukimbie. Wapi. Akaacha kipande chake akaingia kwenye changu. "Basi tufyeke kuelekea dirishani," akasema. "Haraka, baba."

Tukafyeka bega kwa bega mpaka ukutani. Nikachungulia. Binti yangu amesimama mbele, mdomo kaufunga, macho mlangoni. Nikanyanyua mkono nimpungie, kumbe nimenyanyua na kwanja. Akaniona. Akaziba mdomo kidogo asicheke, akasimama sawa.

"Wazazi wetu mliomo humu ndani," akasema, "na baba yangu aliyeko dirishani na mkuu wa shule, tunawashukuru."

Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani kujificha kwenye majani, lakini tulikuwa tumeshayafyeka. Sista akawapungia watu kama vile kila mwaka anakaa hapo. Binti yangu akaendelea, hakukwama hata neno moja, nami nikamsikiliza yote, kidevu kwenye ukingo wa dirisha. Alipomaliza nilipiga makofi mpaka Sista akanigusa begani.

"Bado kona ile," akasema. Nikaenda nikaimaliza.

Jioni nikapeleka kanzu dukani. Nimejiandaa kutukanwa. Rafiki yangu akaligeuza lile pindo, akanusa majani, nikamsimulia kisa chote. Akacheka mpaka akakaa juu ya majora ya vitambaa. Kisha akaikunja vizuri akanirudishia.

"Baki nayo, sheikh wangu," akasema. "Hiyo ndiyo sare yako ya shule."