Fundi Redio wa Jirani

Jirani yangu fundi hatengenezi redio, anaziliza. Kila Jumamosi mchana huunganisha mbovu kumi kwa nyaya, akakwaruza bati kwa mnyororo wa kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, na nusu ya kambi ya Dzaleka hujaa uani kwake kusikiliza eti muziki. Vidole vyake vimeungua kwa kuchomelea, lakini hugusa vitufe kama anayepima homa ya mtoto mchanga. Wakwe walipokuja kutoka Lilongwe kumposa binti yangu Bénie, nilimwomba fundi anyamaze, kwa heshima ya nyumba yetu. “Sawa, mama,” akazima zote. Baba wa kijana hakugusa chai. “Mama Bénie, ule mutu ya makelele iko wapi? Tulitaka kumusikia.” Nikaenda mwenyewe kwa fundi. “Nipige polepole, mama?” “Piga kwa nguvu,” nikamwambia, “usituaibishe.”