Harusi ya Yaya kwenye Televizyo

Vita vilikuwa vimekaribia Kamina. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anaolewa na askari wa base ya jeshi, na siku ileile wangeondoka kwa ndege. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi kutoka kitandani. Kwa kuwa nyumba yetu ilipakana na kanisa, mimi mpenda televizyo nilimwita mpiga video.

"Mama, kuko njia mbili," alieleza. "Nikizunguka na kamera, utaona nyuso zote, lakini ku kaseti, kesho. Nikifunga waya mpaka ku televizyo yako, utaona sasa. Lakini waya inafika tu ku mulango ya kanisa. Utaona migongo."

"Kesho mutoto wangu hatakuwako," Mama akajibu. "Lete migongo."

Nilikaa naye tukitazama. Yaya alionekana kwa nyuma, shela nyeupe, kichwa kimeinama, maana kwetu bibi-arusi hacheki. Akicheka, watasema alichoka na wazazi wake. Mama alinyoosha shingo, kana kwamba angeweza kuchungulia pembeni ya kioo.

Baada ya baraka, Yaya akageuka kabisa kuelekea mlangoni. Akafunua shela, akaichekea kamera kwa meno yote.

"Hana haya huyu!" tulisikia shangazi wakifoka kule kanisani.

"Mumuache!" Mama akawajibu kutoka kitandani, machozi yakimtoka. "Ni mimi njo anacheka naye!"

Ndege yao ilipopita juu ya bati zetu, Mama alikuwa amemwomba mpiga video asifungue waya kwanza. Tuliendelea kutazama kanisa tupu.