Koti la Koplo Sostenes

Salvina si mtu wa kupendeka, na sitamsafisha hapa kwa sababu tu mambo yalimwishia vizuri. Alikuja Kharumwa kutoka Ushirombo miaka kumi na minne iliyopita, amemfuata mume aliyekuja kuchimba dhahabu. Mume alipohamia shimo jingine na mwanamke mwingine, yeye alibaki na cherehani ya kukanyaga na ulimi. Akapanga chumba mkabala na nyumba yangu. Kila asubuhi alinisalimia huku mdomo umempinda: "Shikamoo, Mzee Pantaleo. Leo tumekosea nini?" Nilimwitikia marahaba nikaendelea kusoma gazeti langu, hata kama lilikuwa la mwezi uliopita.

Darasani nilikaa miaka minne tu. Mengine nimejisomea mwenyewe, nikipima pamba ya chama cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili. Nimeona namna watu walivyozikana zamani. Mtu akifa, majembe yaliwekwa chini kijiji kizima, na wanaume walikaa msibani mpaka mwenye nyumba awaruhusu. Siku hizi wanakodi spika, wanachapisha picha ya marehemu kwenye fulana, na siku ya tatu wako pale pale msibani wanabishana bei ya dhahabu. Kwa hiyo Salvina alipoanza kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya wanajeshi, nilisema hilo nalo ni jambo jipya jingine, litapita.

Halikupita. Mdogo wake, Paschal, alikuwa askari katika kikosi cha kulinda amani nje ya nchi, akarudishwa amekatwa mguu chini ya goti. Salvina alikwenda kumwona hospitali. Paschal akamwambia kwamba unyayo ambao haupo tena ndio unaosikia baridi. Dada mtu akarudi Kharumwa, akachukua mashati ya zamani ya mdogo wake, akayakata vipande vya mraba, akaviunga, akatia pamba katikati, akaweka bitana ya khanga na kupiga nyuzi juu mpaka chini. Paschal alipolipata blanketi hilo akalala. Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama naye anaweza kushonewa.

Mwaka haukuisha kabla Salvina hajapata wanawake saba, wakawa wanakutana kila Alhamisi mchana katika chumba cha mafundisho kanisani. Hakuna aliyelipwa. Blanketi la majeruhi lilitokana na mabaki ya vitambaa ya mafundi cherehani wa sokoni. Kwa familia za waliokufa walifanya tofauti: waliomba nguo ya marehemu mwenyewe, wakaishona katikati, ili watoto wajifunike kitu cha baba yao. Pamba waliomba kwa wakulima, ile ya daraja la pili tunayoiita fifi. Wenyewe kwa wenyewe hawakupatana. Salvina alifumua kazi ya mwenzake mbele ya wote. Nilimsikia akimwuliza mama mmoja mwenye umri kama wangu, "Mama Wiliam, hapa umeshona au umefunga mbuzi?"

Watu hawakuchelewa kupata la kusema. Walisema nguo za askari waliokufa haziishii kwenye blanketi, kwamba Salvina anawauzia wachimbaji, na kwamba anayeshuka shimoni na kipande cha nguo hiyo kiunoni hakosi jiwe lenye dhahabu. Mtu akammwagia mlangoni maji ya kuoshea matumbo ya ng'ombe. Niliyasikia maneno hayo, na sikuyakanusha.

Ndipo akafa Koplo Sostenes, kijana wa ukoo wetu, huko huko kwenye ulinzi wa amani. Jeshi lilimleta akiwa amefunikwa bendera, wakapiga risasi hewani, wakaikunja bendera na kumkabidhi mkewe, Juliana, halafu magari yakaondoka. Ikabaki nyumba, ng'ombe, mjane na mabinti wawili, mkubwa Goodness wa miaka kumi na mitatu. Akabaki pia baba mdogo wa marehemu, Bujiku, ambaye ndiye mwanamume pekee aliyesalia katika tawi lile la ukoo.

Katika ukoo wetu mrithi hatajwi kwa karatasi. Siku ya arobaini shangazi humvalisha koti la marehemu mbele ya watu na kumfunga vifungo. Kifungo cha mwisho kikifungwa, nyumba, mifugo na watoto viko chini yake. Zamani mtu akivalishwa alishusha pumzi kama aliyetwishwa gunia, maana alijua anachobeba. Baba yangu alivalishwa koti la kaka yake, na mwaka huo watoto wa kaka yake walikula kabla yetu. Bujiku yeye alikuwa akisema kilabuni, kwa sauti, kwamba siku atakayovaa koti Juliana atarudi kwao Mhunze, na Goodness ataolewa, mchumba mwenye ng'ombe ameshapatikana. Kila mtu alisikia. Juliana naye alisikia.

Siku ya tano ya msiba Juliana alibeba mfuko akaupeleka kwa Salvina. Ndani yake mlikuwa na koti la kahawia ambalo Sostenes alilivaa siku ya harusi yake. Hakuwa na koti jingine. Alhamisi iliyofuata koti lile lilikuwa vipande vya mraba.

Salvina ni Msumbwa. Alisema kwao wanafanya vingine, kwamba hakujua koti lina kazi hiyo kwetu, na mimi nakubali kwamba hakujua. Juliana hawezi kusema hivyo. Amezaliwa Mhunze na ni Msukuma kama sisi. Lakini Bujiku alipokuja akipiga kelele, na Juliana akafungua mdomo kutaka kusema, Salvina alimwahi. Alisema yeye ndiye aliyekwenda kuliomba koti, kama anavyoomba kwa wafiwa wote, na mjane katika uchungu wake hakuwa na akili ya kukataa. Mzigo ukamhamia yeye.

Kikao cha ukoo kilikaa uani kwa marehemu, chini ya turubai la msiba. Bujiku alimwita Salvina mwizi na mla nguo za maiti, akasema mkono mmoja wa koti umeshauzwa machimboni. Alitaka atengwe: asisalimiwe, asiuziwe kitu, asipewe moto, na mwenye nyumba amtoe. Wengi waliitikia. Salvina alifungua furushi alilokuja nalo, akapanga vipande juu ya mkeka kimoja kimoja, mifuko, kola, mpaka bitana. Hakikukosekana kitu.

Nikaulizwa mimi, kwa kuwa mila naijua. Nilisema koti lirudishwe lilivyokuwa, kwa vipande vyake lenyewe, bila kitambaa kigeni hata cha upana wa kidole, kwa sababu mrithi wetu havalishwi nguo ya dukani. Lirudi kabla ya siku ya arobaini. Likirudi, kesi imekwisha. Lisiporudi, fundi atengwe na aondoke Kharumwa. Bujiku akapiga makofi.

Salvina alinitazama. "Kitambaa kigeni kisiingie kabisa, Mzee?"

"Kabisa."

"Hata kipande cha kwapani?"

"Hata uzi, kama ungeweza."

Watu wakacheka. Akaniomba nirudie, kila mtu asikie. Nilidhani ananidhihaki, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Wiki mbili nilisikia cherehani ile kutoka kibarazani kwangu. Wanawake watatu waliliacha kundi. Muuza maji alipita mlango wake bila kusimama, na yeye akawa anakwenda kisimani mwenyewe na ndoo mbili. Juliana hakuthubutu kumtembelea. Bujiku alipita kila siku akamwuliza dirishani kama ameshafunga mizigo.

Siku ya arobaini uani palijaa. Salvina alimkabidhi koti shangazi wa marehemu, Mama Scolastika, likiwa limekunjwa. Alipolikunjua watu waliguna. Lilikuwa na mistari kila mahali kama majaruba ya mpunga yanavyoonekana kutoka mlimani, lakini lilikuwa koti, na kola yake, na mifuko yake. Bujiku akavua jaketi lake, akaingiza mkono. Ukafika kiwikoni ukakwama. Akasukuma, shangazi akavuta, mshono wa bega ukalia. Akajaribu mkono wa pili, nao ukakwama pale pale. Alisimama mbele ya ukoo mzima mikono imebanwa nyuma kama kuku wa sokoni, mpaka shangazi alipomvua.

Akasema fundi amebadilisha kitambaa. Nikapewa koti nilikague.

Nilitoka nalo juani, nikaligeuza ndani nje, nikafuata mishono yote kwa kidole. Kitambaa kilikuwa cha Sostenes chote. Ila kila vipande viwili vilipokutana, pindo lililoachwa ndani lilikuwa na upana wa vidole viwili kila upande, mahali ambapo fundi yeyote angeacha nusu kidole. Na maungio yalizidi sitini. Nimepima pamba miaka ishirini na miwili, naujua mkono unaoegemea mzani. Kama ningesema, angeamriwa afumue na kushona upya kwa pindo jembamba, na Bujiku angevaa.

Nilimtafuta Salvina kwa macho. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anawaangalia mabinti wa Juliana, waliokaa kwenye mkeka wameshikana mikono. Nikakumbuka baba yangu alivyoshusha pumzi siku ile ya koti. Bujiku alikuwa amesimama anajifuta jasho, na kwenye uso wake hapakuwa na mzigo wowote, palikuwa na njaa.

"Kitambaa ni chake chote," nilisema. "Hakuna kigeni."

Sikusema hivyo kwa kumpenda Salvina.

Bujiku akatema mate chini. "Basi mvalisheni huyo msichana," akasema, akimwonyesha Goodness kwa kidevu, "tuone nani atachunga ng'ombe."

Ilikuwa dhihaka. Lakini Mama Scolastika alikuwa na lake na Bujiku tangu alipokataa kuja kumzika mumewe, na neno lile alilichukua kama lilivyotoka. Akamwita binti. Goodness akasimama, ni mrefu kwa umri wake. Shangazi akamvalisha. Mikono ya koti ikaishia kwenye vifundo vya mikono yake. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakuna aliyecheka. Juliana alijifunika uso kwa khanga.

Bujiku akapaza sauti kwamba mtoto wa kike hawezi, na akanigeukia mimi niseme. Kweli, tangu nizaliwe sijaona binti akivalishwa, na baba yangu angenikana kwa jambo hilo. Lakini hakuna mzee aliyewahi kunifundisha kwamba mila inataja mwanamume. Nilifundishwa kifungo. Nikasema kimefungwa, na mbele ya watu, na kwa kinywa cha Bujiku mwenyewe.

Tangu siku hiyo Bujiku hanisalimii. Kilabuni wanasema fundi alinilisha kitu. Wazee wenzangu wawili waliniambia nimeuza ukoo, na kuna siku naona wana haki. Tulikuwa na mila, sasa tuna koti la viraka lililovaliwa na mwanafunzi wa darasa la saba.

Juliana yuko pale pale, na ng'ombe wako zizini. Yule mchumba mwenye ng'ombe alikuja siku moja, Mama Scolastika akamwuliza anaposa kwa mrithi au anamposa mrithi, akaondoka. Goodness hulivaa koti asubuhi za Juni anapokamua, kisha hulivua kwenda shule. Blanketi la nyumba ile halikushonwa kamwe, kwani kitambaa chenyewe kiliishia kwenye koti. Kundi la Alhamisi lina wanawake wanne. Hakuna aliyemwendea Salvina kumwambia asante, hata Juliana, ambaye akikutana naye sokoni huinama haraka na kupita. Na uvumi wa machimboni haujafa.

Wiki iliyopita nilimpelekea gunia la fifi. Alikuwa anashona blanketi la askari aliyepoteza macho, amelijaza vitambaa vya kila namna, laini na vya kukwaruza, ili mwenyewe alipapase. Akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa majani makavu na kijiti.

"Mzee, hii ni pamba au umefagia uwanja?"

Nikamwambia kwamba vidole viwili vya pindo ni kitambaa kingi sana kwa fundi kupoteza. Miguu yake ikasimama kwenye kikanyagio.

"Ulinikataza kuongeza," akasema. "Hukunikataza kupunguza."

Kisha akanisukumia gunia kwa mguu, akaniambia nikaichambue upya, Alhamisi anaihitaji. Nikalibeba nikarudi nalo kibarazani.