Darasa Sebuleni kwa Mama

Nilipoacha kazi ya ulinzi mgodini, nilitoka na wazo moja tu: kufundisha kwa mtandao. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesoma ripoti za walinzi na za wale wanaokusanya habari za usalama. Wengi walikuwa na moyo wa kazi, lakini hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kuandika walichokiona. Mmoja yuko Kolwezi, mwingine Kasenga, mwingine Goma; nani angewaleta wote huku kwetu Lubumbashi? Mke wangu, ambaye zamani alisoma habari redioni, akasema, "Basi darasa liwafuate wao." Ndiye aliyenifundisha kuongea na kamera bila kukunja uso kama mtu anayehoji mwizi.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Karavia, hapakufaa, maana baa ya jirani ilipiga muziki tangu adhuhuri. Tukahamia sebuleni kwa mama, kwenye nyumba ya matofali manene aliyoachiwa na marehemu baba, mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga. Mama alifurahi. Alitundika shuka jeupe nyuma ya kiti changu, akafukuza kuku dirishani, akashikilia kwamba picha ya Bikira Maria ionekane kwenye kamera. "Bantu bajue uko na Mungu," alisema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, yaani watu wajue.

Kilichotuvuruga ni neno. Kwenye tangazo tuliandika kwamba tunafundisha usalama na renseignement, yaani kukusanya na kuchambua habari. Rafiki mmoja wa mama, wa kwaya ya kanisani, akaliona tangazo kwenye simu, na Jumapili baada ya misa akamnong'oneza mama kwamba mwanawe anafundisha wapelelezi. Mama hakuniambia kitu. Niliona tu kwamba chai aliyokuwa akituletea haiji tena.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na darasa letu la kwanza la moja kwa moja. Somo lilikuwa tofauti kati ya kuona na kudhani. Nikiwa katikati ya maelezo, mlango wa jikoni ukafunguka, mama akaingia na upawa mkononi, akasimama nyuma yangu mbele ya wanafunzi wote.

"Papa," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "uko unafundisha bantu kuchongea bengine, mu nyumba yangu?"

Mke wangu akanyoosha mkono azime kamera. Nikamzuia, na kwa aibu nikajaribu kuligeuza tukio hilo kuwa zoezi. Nikawauliza wanafunzi: mmeona nini?

"Mama amekasirika," akajibu mmoja kutoka Kolwezi.

Mwanamke wa Kasenga, anayesimamia ulinzi kwenye maghala ya samaki, akaomba kusema. "Miye niliona mama iko na upawa, na anasimama nyuma ya mwalimu. Kama amekasirika, sijue. Tumuulize mwenyewe."

Mama akainama karibu na skrini. "Weye ni nani?"

"Niko wa Kasenga, mama. Jambo, mama."

"Jambo, mutoto yangu." Akavuta kiti, akaketi pembeni yangu. "Sikukasirika. Niko na woga. Baba ya huyu balimukamataka. Muntu mumoja wa kazi alisema, 'Nazani ni ye njo anaiba shaba mu mabehewa.' Hakuona kintu. Balimufunga, kisha bakamuachilia, bakasema balikosea. Lakini alirudia ku nyumba akiwa muntu mwingine. Ku kwaya hakuimbaka tena."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Nilikua nikiamini kwamba baba aliacha kuimba kwa sababu ya kifua.

"Mama," mwanamke wa Kasenga akauliza taratibu, "ule muntu alisema 'nazani'. Na bakubwa baliandika nini?"

"Baliandika 'aliiba'."

Mke wangu alikuwa ameweka mkono begani kwa mama. Nikaacha somo nililoandaa, na kwa muda uliobaki tulijadili maswali ambayo wakubwa wa baba walipaswa kumuuliza yule mtu: alisimama wapi, aliona nini hasa, nani mwingine alikuwepo. Mama alijibu aliyoyajua. Asiyoyajua, alisema hajui.

Tulipozima kila kitu akatupakulia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa mutoto. Kisha ukakuwa mukubwa, ukaingia kazi ya bulinzi. Ningekuambia nini?"

Nikamwambia kwamba nataka wanafunzi wangu wakidhani waandike kwamba wamedhani, ili asifungwe mtu kama baba alivyofungwa. Akaniongezea sombe.

"Basi fundisha. Lakini ile neno ku tangazo, mutoe. Inaogopesha bantu."

Tuliliondoa, tukaandika kwa Kiswahili chepesi kwamba tunafundisha kuangalia, kuuliza na kuandika ukweli. Wanafunzi waliongezeka polepole, wengine kutoka Kivu, wengine hapa hapa mjini. Bado tunafundishia sebuleni kwake. Siku za darasa yeye hukaa karibu nami akichambua maharage, na wanafunzi humsalimia yeye kwanza, wakamuuliza hali ya magoti yake, ndipo wanikumbuke mimi. Mke wangu husema wanalipia kumwona mama. Sibishani naye.